Mchungaji Anayelima Pia: Namna ya Kumpata Kasisi wa Nusu Wakati kwa Makanisa ya Vijijini



Siku moja nilifika katika kijiji kimoja upande wa Rutshuru nikiwa na mkoba wa Meza ya Bwana mgongoni: kikombe, sahani, chupa ya divai, na mkate uliofungwa katika kitambaa safi. Nilikuwa nimechelewa siku nne. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameomba kwa miezi mitatu apate Ushirika Mtakatifu kabla ya kufa, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Mwinjilisti wa pale ndiye aliyeongoza maziko, na aliyaongoza vizuri. Mjane akanipokea kwa heshima, akaniletea kiti, akanipa viazi na maharagi. Hakunilaumu hata kidogo. Lakini mwinjilisti aliponisindikiza mpaka barabarani aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Pasta, kama mimi niliweza kumzika, mbona hapa kwetu hakuna mtu aliyeweza kumlisha?"

Ninatumika Mabanga, katika komini ya Karisimbi, hapa Goma. Mjini wachungaji tupo. Kijijini hali ni nyingine. Makala hii ni kwa ajili ya mabaraza ya makanisa, wainjilisti, na wachungaji wenzangu wanaotafuta kasisi kwa makanisa ambayo hayawezi kumlipa mtu mshahara kamili. Nimeandika nikifikiri hasa Kanisa Anglikana, lakini ndugu wa jumuiya nyingine za Kanisa la Kristo katika Congo wataona humo shida yao pia.

Maneno tunayotumia

Kanisa Anglikana lina daraja tatu za utumishi: shemasi, kasisi na askofu. Tanzania na Kenya neno "kasisi" ni la kawaida. Kwetu Congo watu wengi husema "pasta" au "mchungaji", na neno "padri" wanawaachia Wakatoliki. Hapa nitasema "kasisi", ili ieleweke kwamba ninasema juu ya mtu aliyewekewa mikono na askofu kwa kazi hiyo.

Mwinjilisti au katekista si kasisi. Anaweza kuongoza sala za asubuhi na jioni, kuhubiri, kufundisha wanaojitayarisha kwa ubatizo, kutembelea wagonjwa na kuzika wafu. Shemasi anafanya hayo yote, tena anabatiza na kusaidia mezani pa Bwana. Lakini kuongoza Ushirika Mtakatifu, kutangaza ondoleo la dhambi na kubariki kwa jina la Mungu ni kazi ya kasisi na ya askofu. Kijiji kisicho na kasisi kinaweza kuwa na kwaya nzuri, Umoja wa Wamama wenye bidii na mahubiri kila Jumapili, na bado kikakaa nusu mwaka bila Meza ya Bwana.

Tukisema "kasisi wa nusu wakati" hatusemi nusu ya kasisi. Aliyewekewa mikono ni kasisi anapolima, anapofundisha darasani, hata anapolala. Kinachogawanyika ni saa zake za kazi na njia anayopatia chakula chake.

Kwa nini shida imekuwa kubwa zaidi

Shida hii si mpya, lakini miaka hii imeiongezea uzito. Vita vilipoenea Rutshuru, Nyiragongo na Masisi, vijiji vingi vilihamia katika kambi za pembeni ya Goma. Makanisa ya kijijini yalikuja pamoja na watu wake; ibada zilifanywa chini ya mahema ya plastiki. Mji ulipobadilisha mikono mwishoni mwa Januari 2025, kambi zile zilivunjwa katika majuma yaliyofuata, na watu wengi wakarudi walikotoka. Walikuta nyumba bila mabati, mashamba yamekuwa vichaka, na makanisa bila mchungaji.

Wakati huohuo fedha zimekauka. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na sadaka ya mjini ambayo zamani ilisaidia kijiji sasa haitoshi hata mji wenyewe. Mkristo anayerudi kwenye shamba lililoharibika hatoi fungu la kumi la mavuno asiyoyavuna. Kusema "tungojee mpaka kijiji kiweze kulipa mchungaji" ni kuwaambia watu wakae bila Meza ya Bwana kwa sababu wao ni maskini. Sijui Injili inayoruhusu neno hilo.

Tunayofundishwa na Biblia na historia yetu

Matendo ya Mitume sura ya 18 inatuonyesha Paulo huko Korintho akikaa na Akila na Prisila na kushona mahema pamoja nao, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Huko Mileto, katika sura ya 20, aliwakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake ndiyo iliyompatia mahitaji yake na ya wenzake. Lakini tusisome upande mmoja tu. Katika 1 Wakorintho 9 Paulo huyohuyo anatetea haki ya mhubiri kuishi kwa Injili. Yeye aliiacha haki yake kwa hiari, kanisa halikumnyang'anya. Tofauti hiyo tutaihitaji huko mbele.

Tazameni pia Matendo 14: Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa, makanisa yaliyokuwa bado machanga. Hawakungoja miaka ishirini.

Historia yetu wenyewe inasema vivyo hivyo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895, alifika Mboga mwaka 1896 akiwa mwalimu wa Injili tu. Alifundisha, akateswa, akafungwa, akarudi, kabla ya kuwekwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alikufa huko Mboga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa haijafika. Katika siku zote za Wabelgiji, Waanglikana walibaki hasa katika eneo lile la Mboga. Baada ya uhuru wa 1960 kanisa lilienea, na waliolieneza kwa sehemu kubwa hawakuwa makasisi. Walikuwa walimu, wafanya biashara, wanafunzi na jamaa waliohamia miji mingine, wakaanza kusali nyumbani kwa mtu, kisha wakamwandikia askofu wakiomba mchungaji. Boga ilipata askofu wake mwaka 1972, na mwaka 1992 tukawa jimbo kamili chini ya Askofu Mkuu Njojo Byankya. Kwetu sisi, kanisa lilitangulia na kasisi akafuata. Swali la leo ni kwamba anafuata kwa umbali gani.

Kuna mtu mwingine ambaye Waswahili wangepaswa kumjua zaidi. Roland Allen, kasisi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1868, alitumika China, na mwaka 1930 akatoa kitabu cha kutetea makasisi wa kujitolea wanaoishi kwa kazi zao. Alisema kwamba kulifanya kanisa la mahali litegemee mtu anayelipwa kutoka mbali ni kulinyima sakramenti ambazo Kristo aliliachia. Wengi hawakumsikiliza. Uzeeni alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili na kutafsiri tenzi, ukiwemo Inkishafi, akafariki Nairobi mwaka 1947. Miaka 11 baadaye, mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa 1958 ulikubali kwamba hakuna kanuni ya imani inayokataza mtu anayefaa kuwekwa kasisi huku akiendelea na kazi yake ya kawaida. Uingereza ilianza mwaka 1960 kuwafundisha watu wa namna hiyo jioni na mwisho wa juma, katika dayosisi ya Southwark. Kwa hiyo baraza la kijiji likiomba kasisi wa nusu wakati haliombi jambo la ajabu.

Njia za muda, na upungufu wake

Kabla ya kutafuta kasisi, makanisa mengi hutumia njia hizi. Ya kwanza ni kasisi wa kuzunguka. Mmoja anahudumia makanisa sita au kumi, na kila kanisa linamwona mara chache. Barabara ikifungwa, au mvua ikiharibu njia ya pikipiki, zamu inapotea. Ndiyo njia iliyonifanya nimkose yule mzee.

Ya pili ni shemasi au mwinjilisti aliyeruhusiwa na askofu kuchukua mkate na divai vilivyokwisha kuwekwa wakfu na kuvipeleka kijijini au kwa wagonjwa. Inafaa sana kwa wagonjwa. Lakini ikiwa ndiyo ibada ya kila mara, kijiji kinazoea kulishwa kutoka jiko la jirani.

Ya tatu ni Wakristo kwenda kushiriki kwa jumuiya nyingine ya karibu. Ninashukuru kwa ukarimu wa ndugu zetu Wabatisti na Wapentekoste. Hata hivyo ukarimu wa jirani hauondoi wajibu wa baba mwenye nyumba.

Atatoka wapi?

Kuna visima vitatu vya kuchota.

Kasisi mstaafu. Ana uzoefu na hahitaji masomo tena. Mwulizeni kwanza afya yake na jamaa yake, msimpe mzigo aliouacha jana. Kanisa moja au mawili yanamtosha.

Kasisi aliyekwisha kuwekwa, mwenye kazi nyingine. Wako makasisi walio walimu wa shule, wafanyakazi wa hospitali au wa mashirika. Baadhi yao wanaweza kutoa Jumapili mbili kwa mwezi wakiombwa kwa utaratibu. Anayeombwa kwa simu Jumamosi jioni atachoka upesi.

Mwenyeji wa kijiji. Hiki ndicho kisima kirefu kuliko vyote. Mara nyingi mtu mnayemtafuta tayari anaongoza sala kila Jumapili. Awe mwanaume au mwanamke, kwa kuwa Kanisa Anglikana la Congo huweka wanawake pia katika ukasisi. Anajua lugha ya watu, anajua ni nani hasemi na nani, na vita vikija anakimbia pamoja nao na kurudi pamoja nao.

Hatua za kumpata

1. Baraza lihesabu kazi kabla ya kutafuta mtu. Andikeni: makanisa mangapi, umbali wa kila moja kwa miguu, Wakristo wangapi, Meza ya Bwana mara ngapi kwa mwezi. Kwa watu wengi wenye kazi nyingine, Jumapili pamoja na mchana mmoja wa katikati ya juma ndio mwisho wa nguvu zao. Kama kazi mliyoandika inazidi hapo, ipunguzeni sasa.

2. Ombeni, kisha ulizeni watu. Waulizeni Wakristo wote, wamama na vijana wakiwemo: mkiwa na msiba usiku, mnamwita nani? Jina linalorudi tena na tena mlisikilize. Ulizeni pia walio nje ya kanisa. Paulo anamwagiza Timotheo kwamba mwangalizi awe na ushuhuda mwema hata kwa watu wa nje.

3. Semeni naye pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mke au mume asipokubali, kazi itavunjika nyumbani kabla ya kuvunjika kanisani. Mpeni nafasi ya kukataa bila aibu.

4. Mwandikieni askofu kupitia mchungaji wa parokia na arkidiakono. Baraza halimwiti mtu kuwa kasisi. Linamtoa mbele, na askofu ndiye anayepima na kuweka mikono. Barua iseme mmemjua kwa miaka mingapi, anafanya kazi gani, na mnaahidi kumsaidia kwa nini.

5. Masomo yapangwe. Kujitolea si sababu ya kutosoma. Chuo Kikuu cha Anglikana kiko Bunia, na barabara ya kupitia Beni imekuwa hatari kwa miaka mingi. Tena mwenye watoto na shamba hawezi kuondoka miaka mitatu. Ipo njia ya elimu ya theolojia kwa kuenea, iliyoanzishwa na Wapresbiteri wa Guatemala mwaka 1963: mwanafunzi anasoma nyumbani, na mara kwa mara anakutana na mwalimu na wenzake. Inahitaji vitabu vilivyo katika lugha anayoisoma kwa urahisi, na mwalimu anayefika kweli.

6. Awekwe shemasi kwanza. Katika taratibu ya Kianglikana tangu 1662 shemasi huwa na miaka 23 au zaidi na kasisi 24 au zaidi, na kwa kawaida mtu hukaa mwaka mmoja katika ushemasi. Mwaka huo ni wa faida. Kijiji kinamzoea, naye anajipima.

7. Apewe barua ya ruhusa. Ukasisi ni wa maisha yote, lakini ruhusa ya kutumika mahali fulani hutolewa na askofu na inaweza kuwa na mwisho. Iandikwe majina ya makanisa, muda, na mchungaji atakayemsimamia. Katika nchi yenye vizuizi barabarani, barua yenye muhuri wa askofu inasaidia pia anapoulizwa anakwenda wapi.

Kazi inayopatana na ukasisi

Mwalimu ana mchana baada ya masomo na likizo ndefu ya Julai na Agosti. Lakini tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, mchango wa wazazi ambao walimu wengi waliutegemea uliondolewa. Msimhesabie mshahara asioupata. Tena asitumie cheo cha ukasisi kumpendelea mtoto wa Mkristo wake darasani.

Mwuguzi anaheshimika na anaijua siri ya mgonjwa. Shida yake ni zamu za Jumapili na usiku. Sema na mkubwa wake wa kazi mapema.

Mkulima yuko karibu na watu wote. Msimjazie mikutano mwezi wa Septemba wala Februari na Machi, wakati wa kupanda. Kanisa likimsaidia siku mbili za kulima, limempa saa nyingi za kuchunga.

Mfanya biashara anasafiri na kujua habari, lakini deni ni mtego. Kasisi anayewadai nusu ya Wakristo wake hawezi kuwatangazia ondoleo la dhambi kwa uhuru.

Chifu wa kijiji, au mtu wa chama cha siasa au wa kundi lolote lenye silaha, asiwekwe katika kazi hii. Yule anayeketi mezani pa Bwana lazima aweze kupokewa na nyumba zote, na kwetu jambo hili linaweza kuwa suala la uhai na kifo.

Mapatano ya maandishi

Neno la mdomo husahaulika. Andikeni ukurasa mmoja tu, utiwe sahihi na kasisi, baraza na arkidiakono. Useme siku zake za utumishi na siku ambazo hapaswi kuitwa isipokuwa kwa kifo au ugonjwa mkubwa. Nani anaongoza asipokuwepo. Na Jumapili zake za kupumzika. Useme pia gharama ambazo kanisa litamrudishia: pikipiki, kredi ya simu, divai na mkate, mafunzo.

Hapa ndipo ile tofauti ya Paulo inarudi. Kasisi anaweza kuacha mshahara kwa hiari yake, lakini kanisa halina ruhusa ya kumfanya atoe nauli mfukoni mwake kila juma na kuita jambo hilo imani. Akiugua, asaidiwe. Mavuno yakiwa mazuri, apewe sehemu. Na mapatano yasomwe upya kila mwaka.

Hatari za kuangalia

Ya kwanza ni kuwa na makasisi wa namna mbili, wa mjini wanaoitwa wakubwa na wa kijijini wanaokaa nyuma katika sinodi. Sisi wenye diploma tuangalie mioyo yetu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, nilipotoka shuleni, nilimwona mwinjilisti kama msaidizi wangu, wakati yeye ndiye aliyekuwa amebeba kanisa miaka yote nilipokuwa nasoma.

Ya pili ni upweke. Asiachwe peke yake. Makasisi wa eneo wakutane kila mwezi wakisali na kula pamoja, na mwenye kazi nyingine awekewe siku anayoweza kufika.

Ya tatu ni kumgeuza mtu wa nusu wakati kuwa wa wakati wote bila kumwambia. Inaanza na msiba mmoja, kisha kesi ya shamba, kisha mkutano wa shule. Baraza ndilo lenye kazi ya kusema: leo pasta yuko shambani, mimi nitakwenda.

Ya nne ni uvivu wa dayosisi. Kasisi wa kujitolea asiwe kisingizio cha kutotafuta kamwe fedha za wachungaji wa wakati wote. Parokia kubwa, wanafunzi wa ukasisi na wainjilisti wanahitaji mtu mwenye siku nzima ya kuwafundisha.

Maswali kwa baraza la kanisa

Wakristo wetu wameshiriki Meza ya Bwana mara ngapi mwaka huu? Akifa mtu juma hili, nani atafika kabla hajafa? Ni jina gani linalotajwa na wote, ambalo hatujawahi kumpelekea askofu? Tuko tayari kulima shamba la nani?

Yule mwinjilisti aliyeniuliza swali barabarani ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliporudi Mabanga nilikaa na swali lake majuma kadhaa, kisha nikarudi kijijini, nikaketi na baraza lao, tukahesabu kazi kama nilivyoeleza hapa. Mke wake aliomba siku tatu za kufikiri, akakubali. Barua imekwisha kwenda. Anasoma jioni kwa taa ya mionzi ya jua, na daftari lake lina maswali ambayo yananilazimisha nifungue tena vitabu vyangu. Sijui askofu ataamua nini, na ni haki yake kuamua. Mjane wa yule mzee huja kila Ijumaa kusafisha meza ya kanisa na kuitandika kitambaa, ingawa bado hakuna wa kuweka mkate juu yake.

Tuombe: kwa ajili ya vijiji visivyo na mchungaji, kwa ajili ya wainjilisti wanaobeba mzigo bila jina, na kwa ajili ya amani, ili barabara zifunguke. Bwana wa mavuno atume watenda kazi, na atupe macho ya kuwaona wale ambao amekwisha kuwatuma.